Mutoto anakomea, kiti hakikomee

Siku ya posho moja, saa ya kubadilisha ekipe, baba mmoja anayeendesha lori kubwa za karyere alitungojea mbele ya mlango wa ofisi yetu ya sendika. Alikuwa ametoka kazi ya usiku, na vumbi lilikuwa bado kwenye kope za macho. Alipoketi alivua kofia yake ya kazi, na ndani ya kofia akatoa karatasi iliyokunjwa mara ine. Ilikuwa proforma.

"Papa delege, musome polepole. Miye nimeisoma mara mingi, na bado sijaelewa."

Tulisoma. Kiti cha magurudumu cha mtoto, chenye kushika kichwa na mgongo: dola 780. Mto wa kukalia: dola 95. Vyombo viwili vya plastiki vya kushika miguu: dola 240. Viatu vya kuvaa juu ya vyombo hivyo: dola 60. Kusafirisha toka Lubumbashi mpaka Kolwezi: dola 45. Jumla dola 1 220. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, kwamba bei inaweza kubadilika na kwamba vitu vitafika nyuma ya juma kumi ao kumi na mbili.

Kiisha akatuonyesha fishi yake ya mshahara. Wakisha kukata yote wanayokata, anabaki na dola 410. Basi proforma ile ilikuwa mshahara wa miezi mitatu, kasoro dola kumi, na nyumbani wasile, wasilipe nyumba, wasilipe masomo, mtu asigonjwe. Binti yake iko na miaka sita. Alizaliwa kwa shida, hewa ikachelewa kufika kwenye ubongo, na leo mikono na miguu yake inakazana, shingo haisimame yenyewe. Waganga wanaita ugonjwa huu IMC. Akili yake ni nzima: anajua sauti ya baba yake toka njiani, na anacheka mbele mlango haujafunguliwa.

Tunaandika habari hii kwa sababu baba huyu si peke yake. Tulipoanza kuuliza katika ekipe zetu, wandugu walikuja mmoja mmoja, wengi wao mangaribi, wengi wao kwa sauti ya chini. Mmoja tulikuwa tukifanya naye kazi miaka tisa na hatukujua kama yuko na mtoto wa namna hii. Kwetu neno "kilema" bado linatupwa kama jiwe, na mtu anaona heri kuficha mtoto kuliko kusikia neno hilo kwenye njia.

Watu wengi wanafikiri kiti cha magurudumu ni kiti tu, na kama ni kiti, kwa nini bei ya pikipiki? Tulikuwa na wazo hilo sisi vilevile. Tukaenda kumwuliza kine anayefanya mazoezi na watoto hawa, akatueleza kwa uvumilivu.

Kwanza, vyombo hivi havitengenezwi hapa. Vingi vinatoka mbali, vinapanda kwenye lori pamoja na mashini na kemikali za migodi yetu, vinapita Zambia mpaka Kasumbalesa. Kiti ni kitu chepesi lakini kinachukua fasi kubwa ndani ya lori, na anayesafirisha anahesabu fasi ile. Ukifika mpaka kuna makaratasi, kuna kungoja, kuna mikono. Muuzaji naye anaagiza viti viwili tatu kwa mwaka, si mia, basi gharama yote ile anaigawanya juu ya wanunuzi wachache. Na kwa sababu kiti kinapashwa kufuata kipimo cha mtoto (upana wa kiuno, urefu wa paja, fasi kichwa kinaangukia), hawezi kukiweka kwenye etajeri kama sabuni akingojea mtu apite.

Pili, ndilo jambo mama wa mtoto yule alilotuambia kwa maneno machache kuliko sisi: "Mutoto eko nakomea, kiti ye haikomee." Mtu mzima anaweza kukaa na kiti kimoja miaka mingi. Mtoto, nyuma ya mwaka mmoja na nusu ao miwili, paja limerefuka, chombo cha mguu kinakata ngozi. Kwa hiyo bei ya proforma si ya mara moja. Itarudi, na itarudi tena, mpaka mtoto awe mtu mzima.

Tatu, chombo kinaomba chombo kingine. Mtoto asiyesikia, ukimnunulia kifaa cha masikio, unapashwa kubadilisha betri zake ndogo: betri moja inaisha nyuma ya juma moja ao mawili. Kile kipande cha plastiki kinachoingia ndani ya sikio nacho kinapashwa kutengenezwa upya, kwani sikio la mtoto linakua. Tumeona kifaa cha mamia ya dola kimelala ndani ya kabati, kimevikwa kitambaa safi kama hostia, kwa sababu ya betri.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye fakture yoyote. Kupima kiti kunafanyika Lubumbashi. Toka Kolwezi ni karibu kilometa 300 kwenda, na vilevile kurudi, mtoto amelala juu ya mapaja ya mama, kwani mtoto huyu hawezi kuketi kwenye bisi. Wanapima, wanarudi. Wanaitwa kujaribisha, wanarudi. Mama aliyekuwa akiuza unga na samaki kwenye soko ya Manika ameacha, meza yake imechukuliwa na mwingine. Ukitaka kujua bei ya kweli ya kiti, weka na meza ile ndani ya hesabu.

Kuna wanaosema: basi mumupe kiti cha mtu mzima, kile wanachogawa bure siku za sikukuu mbele ya kamera. Tulikwisha kuona. Mtoto anazama ndani yake kama chungu ndani ya gunia. Mgongo unapinda upande mmoja, mbavu zinakaza, chakula kinapita njia mbaya na kuingia kwenye mapafu. Kine alituambia wazi kwamba kiti kibaya kinaweza kumharibu mtoto kuliko kukosa kiti. Tena viti vile vilifanywa kwa koridoo za hospitali za Ulaya: magurudumu ya mbele madogo kama ya kigari cha duka. Katika matope ya mwezi wa kwanza kule Kolwezi, yanadumu juma ngapi? Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa tangu 2008 mwongozo juu ya viti vya magurudumu kwa inchi zisizo na uwezo mwingi, na linasema jambo hilihili: kiti kipimwe kwa mtu, kifae kwa njia anazopita, na kiweze kutengenezwa karibu na kwake. Mwaka wa 2022 OMS na UNICEF wakaandika kwamba karibu watu miliari moja duniani wanahitaji vyombo vya kusaidia mwili na hawavipate.

Sasa tuingie katika mambo yetu, mambo ya kazi.

Code du travail ya inchi yetu, sheria ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, sehemu ya afya, artikle ya 177 na zinazofuata, inasema mwenye kuandika mtu kazi anapashwa kutoa matunzo ya afya kwa mfanyakazi na kwa familia yake. Wengi wetu tunajua hayo: kitanda cha hospitali, dawa, kuzaa. Lakini wachache wanasoma mpaka chini. Chini pale sheria inataja pia miwani ya macho, vyombo vya meno, vyombo vya protezi na vya ortopedi, kwa karatasi ya munganga. Yaani vyombo vya kushika miguu vya binti yule si sadaka ya bwana mkubwa. Ni deni.

Tulipopeleka proforma kwa ofisi ya wafanyakazi ya kampuni (hatutaitaja, mambo bado iko mezani), jibu lilikuwa hivi: kiti si dawa, na tena konvansio kolektivi ya kampuni inasema wazi kwamba vyombo vinavyolipwa ni miwani na meno, kwa kiasi fulani kwa mwaka. Tulikasirika. Tukaomba watuonyeshe konvansio ile. Wakafungua aneksi ya afya, ukurasa wa mwisho, na chini ya ukurasa tukaona sinyatire zetu wenyewe.

Tunasema jambo hili bila kuficha, kwani wandugu wana haki ya kulijua. Siku ile ya kutia sinyatire tulikuwa tumepigana usiku mzima juu ya prime ya hatari na juu ya usafiri wa ekipe ya usiku. Aneksi ya afya ilikuja saa kumi za asubui, tukiwa tumechoka, na kila mmoja wetu aliangalia miwani akasema ni vizuri, baba zetu hawaone tena. Hakuna aliyeuliza: na miguu? Hakuna mmoja kati yetu aliyekuwa na mtoto wa namna ile, ao aliyekuwa naye alinyamaza.

Munganga mmoja na wakili mmoja walitutoa kwenye shimo. Wakili alisema konvansio inaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya sheria, haiwezi kumnyima kile ambacho sheria imempa. Munganga naye alituonyesha kwamba karatasi yetu ilikuwa mbaya. Ilikuwa imeandikwa tu "chaise roulante, enfant handicapée". Akaandika upya: jina la ugonjwa, chombo gani, kwa nini mgongo na kichwa vinapashwa kushikwa, vipimo kwa sentimeta, nini kitatokea mtoto asipokipata, nyuma ya miezi mingapi apimwe tena. Karatasi ya mistari miwili ilikuwa sasa ukurasa mzima. Ofisi ile ile iliyosema kiti si dawa ilianza kuuliza maswali ya bei, na mtu akianza kuuliza bei, mjue amekwisha kuacha kusema apana.

Hata vile hawakulipa. Tukapeleka shauri kwa Inspection du travail, kwani sheria inaomba mpitie pale kwa mapatano mbele ya kwenda tribinali. Vikao vitatu. Kwenye kikao cha tatu kampuni ilikubali kiti, mto na vyombo vya miguu. Viatu, hapana: viatu, wakasema, kila mtoto anavaa viatu. Baba aliangalia chini ya meza miguu yake mwenyewe, na buti za kazi alizopewa bure na kampuni ileile. Hakusema kitu. Alitia sinyatire.

Huyo ni mwenye kontra ya kampuni. Tunapashwa kusema na juu ya mwingine.

Baba huyu wa pili anafagia na kusafisha kambi ya wageni, ndani ya uzio uleule, anavaa kofia ya rangi nyingine kwa sababu yeye ni wa sutretansi. Kontra yake ni ya miezi, inaandikwa upya ikipendeza. Mwana wake wa miaka ine hasikii vizuri masikio yote mawili. Sheria ya kazi haisemi sutretansi iko nje: mwenye kukuandika kazi ni patron wako, akiwa mdogo ao mkubwa. Na sheria ya sutretansi ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 haikufuta neno hata moja la artikle ya 177. Tulimwambia hivyo. Akaenda kwa munganga, akapata karatasi nzuri, ukurasa mzima, tulikuwa tumejifunza. Alipoirudisha kwa patron wake, siku kumi na mbili nyuma yake kontra ikafikia mwisho. Haikuandikwa tena. Wenzake kumi na mmoja wa ekipe ileile waliandikwa.

Hatukuweza kuhakikisha kwamba ni sababu ya karatasi. Hakuna aliyeandika hivyo fasi yoyote. Baba huyu leo anabeba magunia kwenye depo moja njia ya Likasi, na mtoto anasoma midomo ya mama yake. Tangu siku ile, mtu wa sutretansi akituletea shauri la mtoto, hatumwambii tena kwa urahisi "nenda, sheria iko pamoja nawe." Tunamwuliza kwanza kontra yake inaisha lini.

Wazee wetu watasema: wakati wa Union Minière, na kiisha wakati wa Gécamines, hatukujua mambo haya. Kampuni ilikuwa na hospitali, shule, poso ya kila juma. Mtoto akivunjika mguu hakuna aliyeuliza bei. Ni kweli, na si kweli yote. Watoto wenye ulemavu wa wakati ule walifichwa vilevile, na mfanyakazi alilipa poso ile kwa kunyamaza. Lakini hospitali zilikuwapo. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitolewa kwa ile "départ volontaire", na familia nyingi zilipoteza siku moja mshahara na munganga. Kampuni mpya zilizokuja nyuma hazikujenga upya yale. Zinanunua matunzo kwa kliniki za watu, kwa orodha, na kitu kisichokuwa kwenye orodha hakipo.

Na kuna jambo lingine, tulisitasita kuliandika. Mwaka wa 2020 gazeti la waganga linaloitwa Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi uliofanyika Lubumbashi na wataalamu wa Univasite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kasoro ya mwili inayoonekana, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Walikuta kwamba baba akiwa anafanya kazi inayohusu migodi, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilikuwa kubwa zaidi, kwa hesabu yao karibu mara 5,5. Hesabu ile iko na upana mkubwa, kwani watoto ni wachache, na uchunguzi hausemi ni metali gani wala unapitia njia gani. Tena haihusu IMC kama ya binti yule, wala mtoto asiyesikia. Inahusu kasoro zinazoonekana siku ya kuzaliwa, kama mdomo uliopasuka ao mgongo usiofungika.

Kwa nini tunaitaja basi? Kwa sababu ya wamama. Katika kila nyumba tuliyoingia, kidole kilikuwa kimeelekezwa kwa mama: amekula nini, amemkosea nani, ni bulozi bwa ukoo gani. Wababa wawili kati ya wale tuliozungumza nao walikuwa wamekwisha kutoka nyumbani. Uchunguzi ule haumlaumu baba vilevile, hakwenda kutafuta vumbi kwa mapenzi yake, alikwenda kutafuta unga. Lakini unatupa haki ya kuuliza mezani: kama vumbi la kazi linaweza kuingia nyumbani mwetu mpaka ndani ya tumbo la mama, ni nani anapashwa kulipa vyombo? Na wakati tunangoja jibu, wandugu, muoge na kubadilisha nguo mbele ya kurudi nyumbani. Kampuni isiyo na bafu na fasi ya kubadilishia nguo, mutuletee habari yake.

Tulijaribu kutengeneza wenyewe vilevile. Tuko na watu wa kuchomea vyuma wanaoweza kurudisha kikombe cha ekskavatere kilichopasuka. Kiti cha mtoto kitawashinda namna gani? Wandugu watatu wa atelie, siku zao za pumziko, walichukua mabomba ya chuma, magurudumu ya kinga na kipande cha mkanda wa konveyere uliotupwa, wakafanya kiti kimoja kizuri, tulipiga na picha. Kine alipokiona alizunguka mara mbili bila kusema. Kiisha akasema: "Mumefanya kiti cha kushinda vita. Sasa mutoto ataketi fasi gani?" Mkanda wa kifua ulikuwa chini sana, ungemkaba. Ubao wa kukalia ulikuwa wa bapa, mtoto angeteleza mbele. Na kilikuwa kizito kushinda mama yake.

Walikirudisha atelie. Safari ya pili kine alisimama pale pale na mita mkononi, mtoto amelala juu ya meza, wakapima mbele ya kukata. Kiti cha pili kinatumika leo Manika, na gurudumu likitoboka, fundi wa kinga wa avenue analiziba. Ilitokea kwa feza ndogo, lakini mutusikilize vizuri: chuma kilikuwa kidogo, kazi kubwa ilikuwa jicho la yule kine. Kazi ya fundi bila kine ni hatari.

Inchi jirani wamekwenda mbali kutushinda. Kule Zimbabwe wanafanya tangu zamani viti vya watoto kwa karatasi na katoni za bure, zinazogandishwa kwa uji wa unga, moja juu ya nyingine, mpaka zinakuwa ngumu kama mbao. Kiti kinafuata mwili wa mtoto, na akikua, wanafanya kingine. Uganda nao, kwa watoto wanaozaliwa na miguu iliyopinda ndani (pieds bots), fundi wa viatu na fundi wa chuma wanatengeneza viatu vilivyofungwa juu ya kipande cha chuma. Aliyekibuni pale anaitwa Michiel Steenbeek, na chombo kimechukua jina lake. Juu ya ugonjwa huu tuseme neno kwa wamama wenye watoto wachanga: miguu iliyopinda inanyooka, na kwa makuta kidogo, mukianza mapema. Munganga anaweka plasta, anaibadilisha kila juma, mara tano mpaka saba hivi, mara nyingi anakata kidogo mshipa wa kisigino, kiisha mtoto anavaa viatu vile saa 23 kwa siku miezi mitatu, nyuma yake usiku tu mpaka miaka ine. Njia hiyo inaitwa Ponseti. Mukingoja mpaka mtoto atembee juu ya mgongo wa mguu, hapo ndipo inaingia operesheni na fakture ya kutisha. Kuna pia kitabu cha David Werner cha 1987, kwa Kifaransa kinaitwa L'enfant handicapé au village, chenye picha za vyombo vingi vya kujitengenezea. Tuko na kopi moja ofisini, imechanikachanika, mnaweza kuja kuisoma.

Lakini atelie ya siku za pumziko si jibu kwa watoto wote wa muji. Ndiyo maana tumepeleka maombi mawili. Moja kwa kampuni: aneksi ya afya ifunguliwe tena, vyombo vya ortopedi na vya masikio viandikwe kwa majina yao, pamoja na kupima upya na kutengeneza, na ihusu vilevile wafanyakazi wa sutretansi walio ndani ya uzio. Ombi lingine ni kwa kamati ya DOT. Code minier ilivyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inaomba kampuni kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tumeona feza hizo zikijenga milango ya mapambo na ofisi za machifu. Tunaomba chumba kimoja: makine wawili, fundi wa plastiki, fundi wa chuma, fundi wa viatu, na oveni. Watoto wasisafiri tena kilometa 300 kupimwa paja. Jibu la kwanza tulilopata kwa mdomo ni kwamba mradi huo "haonekane" kama shule ao barabara. Tuliomba watuandikie jibu hilo kwenye karatasi. Tunangoja.

Kiti cha yule binti kilifika mwezi wa nane, miezi saba nyuma ya proforma. Tulikwenda kule nyumbani, baba alikuwa ekipe ya asubui, tulikuta mama, nyanya na majirani. Kine alimketisha, akafunga mikanda, akarudi nyuma, akaangalia, akakaribia tena. Kichwa kilisimama. Binti aliangalia sebule kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona, na pengine ilikuwa hivyo, kwani siku zote aliiona akiwa amelala. Nyanya alianza kupiga vigelegele, kine akamwomba angoje kidogo, hajamaliza. Alipiga magoti akafungua skrubu chini ya kiti, akavuta ubao wa kukalia mpaka mwisho wake, akaingiza vidole nyuma ya goti.

"Imebaki fasi ya vidole viwili," akasema.

Mama alipiga magoti karibu naye, akapima kwa vidole vyake mwenyewe.